Ujamaa wa mazingira: nani mwenye mikoko?

Litamke neno “ujamaa wa mazingira” pale Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu, jioni, wazee wakiwa wamekaa kivulini mbele ya ngome, na swali la kwanza litakuwa moja: “Ni ule wa Nyerere?” Nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja. Huwa najibu kwamba ni jamaa yake, lakini si yeye.

Ule wa Nyerere ulitangazwa Arusha mwaka 1967 na ukashuka kutoka juu. Chama kiliamua, serikali ikatekeleza, na kati ya 1973 na 1976 wanavijiji wengi wa Tanzania walihamishwa, wengine kwa nguvu, kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa. Kenya nayo ilikuwa na ujamaa wake wa karatasi. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika, kisha ukasema fedha za maendeleo ziwekwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ambako zingezaa haraka. Lamu haikuwamo. Kwa hiyo mzee akilikunjia uso neno ujamaa, ana sababu zake.

Hayo maneno mawili ya nyongeza, “wa mazingira”, kwa sehemu yametokana na aibu kama hizo. Umoja wa Kisovieti, tangu miaka ya 1960, ulichepusha maji ya mito kwenda mashamba ya pamba, hata Bahari ya Aral, iliyokuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani, ikabaki vipande vipande na meli zimelala mchangani. Mvuvi wa Faza hahitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Kiini cha dhana ni hiki. Uchumi ambao lazima ukue kila mwaka ili wenye hisa waridhike hauna mahali pa kusema basi. Utakula msitu, utakula mwamba, mwishowe utakula hata kile unachokitegemea wenyewe. James O'Connor, mwanauchumi wa Marekani, aliijenga hoja hiyo mwaka 1988, na mwaka 2001 Joel Kovel na Michael Löwy wakaandika ilani ya msimamo huu. Lakini mtu anaweza kuielewa bila kuwasoma hao wote. Huwezi kuyaokoa mazingira ilhali uamuzi umewaachia wale wanaofaidika kwa kuyala. Wala huwezi kuleta haki kwa kugawana sawasawa samaki wa bahari iliyokwisha.

Wengi huteleza hapa, wakadhani ni jina jipya la uhifadhi. Mikoko inaionyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yangu yote.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi za Mwingereza, na majahazi yakaendelea kupeleka boriti Uarabuni hadi uuzaji wa nje ulipopigwa marufuku mwaka 1982. Mkataji anaujua mti kwa kiganja chake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake na kazi yake, na hesabu yake ni korija, miti ishirini. Huingia maji yakijaa, hutoka yakijaa tena, na hapo katikati yumo topeni hadi magotini, mbu wanamla. Ukikaa naye mkanywa kahawa, atakueleza ni mkono gani wa bahari umechoka na wafaa kupumzishwa, na ni upi ulioota tena tangu babu yake alipouacha.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchi nzima, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa. Kilio kilikuwa mito ya bara iliyokuwa inakauka. Mikoko ya kwetu, ambayo mizizi yake imo kwenye maji ya chumvi, ikatiwa kapu moja na misitu ya milimani. Duka lililokuwa likimkopesha mkataji unga likafunga daftari. Kwa mhifadhi wa mezani huo ni ushindi, maana mti haukatwi. Kwa mjamaa wa mazingira hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyofanywa vibaya: anayeujua msitu hakuulizwa, na gharama yote ikabebwa na mtu asiye na akiba.

Brazil waliyapitia haya kabla yetu. Chico Mendes alikuwa mgema wa utomvu wa mpira katika jimbo la Acre. Yeye na wenzake walikuwa wakienda kwa makundi, wake na watoto wamo, kusimama mbele ya misumeno ya wafugaji wenye mashamba makubwa. Hawakudai kwamba msitu usiguswe. Walitaka ardhi ibaki ya umma, isiuzwe, na matumizi yawe ya wale wanaougema bila kuuangusha. Aliuawa Desemba 1988. Hifadhi za namna aliyoitaka zilianza kutengwa mwaka 1990, na mojawapo ina jina lake. Ondoa mpira weka boriti, umeshafika Mokowe, huku kwetu Lamu.

Upande wa bahari hadithi ni ile ile, ila wenye nguvu ni wengine. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012. Ili meli kubwa ipite ni lazima mkondo uchimbwe, na uchimbaji huvuruga matope, huziba nyasi za bahari na matumbawe, na hufunga njia walizozizoea wenye mashua ndogo. Wakati wa kusi, bahari kuu ikichafuka, mvuvi wa mashua ndogo hana pa kwenda ila ndani ya visiwa, na huko ndani ndiko kulikochimbwa. Mohamed Ali Baadi na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mimi nilishangilia kama wengine. Ila fidia ni bei, na kabla ya bei kuna swali: ni nani aliyesema mkondo unauzwa?

Swali hilo liliulizwa mapema zaidi katika kisa cha makaa ya mawe. Kampuni ya Amu Power ilipewa leseni mwaka 2016 kujenga mtambo wa megawati 1,050 kule Kwasasi. Save Lamu, muungano wa vikundi vya hapa, na wakazi wengine wakaipinga, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likaifuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali. Miaka tisa hiyo. Waliokuwa wakihudhuria kesi walikuwa wavuvi, walimu wa madrasa, wenye hoteli ndogo, wapiga kasia, akina mama wanaovua pweza. Chama gani cha siasa kilisimama nao mwanzo hadi mwisho? Mimi sikukiona.

Mtu atasema basi tatizo ni makaa, leteni upepo. Upepo tunao, kaskazi na kusi. Lakini mradi wa umeme wa upepo wa Baharini, upande wa Mpeketoni, nao uliingia katika mvutano wa ardhi. Nishati safi ikiwekwa juu ya shamba la mtu bila ridhaa yake inabaki safi angani tu. Mjamaa wa mazingira anaupenda upepo, kisha anauliza mashine ni za nani, umeme unakwenda wapi, na kwa nini kijiji kilicho chini ya mapanga yake kinatumia koroboi.

Sasa, siasa. Kijana mmoja aliniuliza, “Ami, kwani tusiandikishe chama chetu cha Lamu tukamaliza?” Hatuwezi, mwanangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inataka chama kiwe na sura ya kitaifa na inakataza chama cha eneo, kabila au dini. Sheria ya vyama ya 2011 inadai wanachama wasiopungua 1,000, wapiga kura waliosajiliwa, katika zaidi ya nusu ya kaunti, maana yake kaunti 24. Hata Lamu nzima, watu 143,920 kwa sensa ya 2019, wakiandikishwa siku moja hadi mtoto wa kunyonya, mbele ya sheria hicho si chama. Nia ya kifungu ni njema, kuzuia vyama vya ukabila. Tokeo lake kwetu ni kwamba mlango wa chama uko Nairobi, na anayeingia huingia kwa masharti ya mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo inazungumzwa harakati ya mashinani, nje ya vyama. Katiba hiyo hiyo imeacha njia. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 37 haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko, cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii. Mgombea huru anaruhusiwa pia, na kwa kiti cha wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa hapo. Sina imani kubwa na njia hiyo ya mwisho. Mgombea huru akishinda Jumatano, Ijumaa utamwona kwenye picha na wakubwa, amevaa kofia yao. Afadhali harakati iliyokaa nje, inayomwandikia kila mgombea masharti kabla ya kura na kumfuata nayo baadaye.

Wangari Maathai alionyesha nguvu ya kuwa nje na gharama yake. Harakati yake ya Green Belt, iliyoanza 1977 na akina mama wa vitalu vya miche, ndiyo iliyosimama mwaka 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park wakati ambapo bungeni alikuwa akikejeliwa. Bungeni aliingia mwenyewe mwaka 2002, tena katika wimbi la muungano mkubwa. Yale ya mwanzo ndiyo tunayomkumbukia.

Hatari mbili zinaninyima usingizi. Ya kwanza ni semina. Harakati ikipata mfadhili hupata ofisi, ikipata ofisi hupata ripoti ya kuandika, na baada ya miaka mitatu watu hawaji kikaoni pasipo posho. Mchango wa shilingi hamsini wa mkataji ni mdogo, lakini anayeutoa ana haki ya kuuliza umekwenda wapi. Ya pili ni ule msemo wa wenyewe na wageni. Lamu ina Waamu na Wabajuni, ina Waaweer wa msitu wa Boni waliokatazwa uwindaji tangu 1977, ina wakulima wa Mpeketoni waliokuja na mpango wa makazi miaka ya sabini, ina wafugaji wa Orma. Mkulima asiye na hati na mvuvi asiye na mkondo wana kesi moja. Wakigombanishwa, na wamewahi kugombanishwa hapa hadi damu, anayepumua ni mwenye mradi.

Niseme jambo moja nililoliona kwa macho. Mkutano wa kutoa maoni juu ya mradi fulani uliitishwa saa nne asubuhi. Aliyepanga hakuangalia mwezi. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu, na bamvua kwetu maji hukauka kabisa majira hayo hayo ya saa nne, mwamba ukawa wazi. Akina mama wa pweza hawaachi maji kama hayo. Ni siku chache tu katika nusu ya mwezi. Walikuwa mwambani na vijiti vyao. Ukumbini tulikaa wanaume, wengi wetu hatuvui. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, nene kama msahafu, na nakala moja mezani. Tukapewa soda, tukatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Baadaye karatasi ile ikaambatanishwa kuonyesha kwamba jamii imeshirikishwa, na jina langu limo, namba kumi na saba.

Ukiniuliza harakati hiyo hufanya nini siku ya kawaida, nitakupeleka kwenye ua wa madrasa baada ya Isha, siku ambayo maji ni mafu na hakuna aliye baharini. Kuna taa moja. Mwalimu kijana anasoma ukurasa wa ripoti kwa Kiingereza, anaugeuza kwa Kiswahili, anangoja. Bi mkubwa mmoja anauliza mwamba unaotajwa pale kwa namba ni upi, maana wao wanaujua kwa jina. Ramani inageuzwa huku na huku, mtu anawasha tochi ya simu, jina linapatikana, linaandikwa pembeni kwa kalamu. Usiku ule tulimaliza kurasa sita.