Udumavu si kuchelewa kwa hatua za makuzi

Hapa Mwanza neno udumavu limebebeshwa mzigo usio wake: mtoto asiyetembea huambiwa amedumaa, asiyesema naye amedumaa, hata kama kadi yake ya kliniki haionyeshi kasoro yoyote ya urefu. Udumavu ni urefu ulio chini mno kwa umri wa mtoto, ukilinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani. Hatua za makuzi ni kuketi, kutambaa, kutamka, kushika kitu kwa vidole, kucheza na wenzake.

Tofauti hiyo huonekana wazi kwa watoto wanaolishwa kwa mshipa kwa miezi au miaka, kwa sababu utumbo wao ni mfupi mno au haufanyi kazi. Sizungumzii dripu ya kawaida, maana lita moja ya dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5 haifikishi kilokalori 200 wala haina protini. Lishe ya mshipani huwa na glukosi, asidi amino (viini vinavyojenga protini), mafuta, vitamini na madini, na mwaka 1968 Douglas Wilmore na Stanley Dudrick wa Philadelphia walieleza jinsi mtoto mchanga alivyokua kwa njia hiyo pekee.

Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na uzito na urefu wa kuridhisha, na bado akachelewa kutembea au kusema. Sababu zimefungamana: wengi walizaliwa njiti, wakapasuliwa zaidi ya mara moja, wakapata maambukizi ya damu kupitia mrija wa lishe hiyo, wakabaki wodini wakati wenzao wanatambaa uani, na kinywa kisichozoea kuonja uji hukataa chakula baadaye. Lishe yenyewe nayo inahitaji uangalifu, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopewa maji ya lishe yaliyopunguzwa alumini, metali inayoweza kudhuru ubongo, walipata alama bora za makuzi katika umri wa miezi 18 kuliko waliopewa ya kawaida, hasa walioyatumia kwa muda mrefu. Hata hivyo, kumwambia mama kwamba lishe ya mshipani ndiyo iliyomharibu mwanawe akili ni kumtwisha lawama ya tiba iliyomwokoa.

Basi tukimkuta mtoto huyo kliniki, tuseme ni hatua ipi iliyochelewa, na kama alizaliwa njiti, katika miaka miwili ya mwanzo tuhesabu umri wake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.