Van Gujjar maana yake nini, na kwa nini "kuhamahama" haitoshi kuwaelezea

Ukikuta mahali pameandikwa Gujjar usikimbilie kufikiria mchungaji wa milimani, maana Wagujjar ni watu wengi mno huko kaskazini mwa India na Pakistan, kuna Wahindu, Waislamu, Masingasinga, wengi wao ni wakulima na wengine wako mjini na kazi zao kama watu wengine tu. Ninaotaka kuwaelezea hapa ni wale wachache ndani ya hao, Waislamu wanaoishi na mifugo kwenye milima ya Himalaya, kule Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand, na nyumbani wanaongea lugha yao inaitwa Gojri.

Majina yenyewe yanakuambia kazi. Van ni msitu, kwa hiyo Van Gujjar ni Mgujjar wa msituni, hao zaidi wako upande wa Uttarakhand. Kule Kashmir utasikia Dodhi Gujjar, inatokana na dudh, maziwa, yaani wale wanaokaa na nyati na kuishi kwa kuuza maziwa. Halafu kuna ndugu zao Bakarwal, bakra ni mbuzi, hao wanafuga mbuzi na kondoo na wanapanda juu zaidi kuliko wote.

Sasa nikisema nyati naomba usiwaze yule mbogo wa porini wa kwetu. Huyu ni nyati wa kufugwa, mweusi, pembe zimejikunja kurudi nyuma, anakamuliwa kama ng'ombe na maziwa yake ni mazito yana mafuta mengi. Maisha yote ya Mgujjar yanamzunguka huyu mnyama, kila mmoja ana jina lake na akiitwa anakuja, na akifa familia inaomboleza kweli. Van Gujjar wa jadi hawamchinji kabisa, pamoja na kwamba ni Waislamu na dini haijawakataza. Chakula chao ni maziwa, mtindi, siagi, mboga na mkate wa mahindi.

Na nyati ndiye anayeamua lini watu wahame. Ngozi yake ni nyeusi, manyoya machache, na jasho halimtoki la kutosha kumpoza, kwa hiyo jua la tambarare likianza kuwaka mwezi wa nne anateseka vibaya, na wakati huohuo majani ya msitu wa chini yanakauka na maji ya mabonde yanakata. Ndo hapo wanafunga safari. Kipindi cha baridi wanakuwa vilima vya Shivalik, chini kabisa, kiangazi wanakuwa kwenye malisho ya juu yanayoitwa bugyal, huko theluji ikishayeyuka nyasi zinatoka fupi, nene, za kijani kibichi. Kati ya hapo na hapo ni mwendo wa wiki kadhaa kwa miguu. Wanatembea usiku au alfajiri, kwa sababu mchana kuna joto na barabara ina malori, na hizo barabara za milimani upande mmoja ni mwamba upande mwingine ni korongo, ndama akishtuka akaruka vibaya basi umempoteza. Wazee, watoto wachanga, sufuria, magunia ya unga, vyote vinasogea nao, mizigo inabebwa na farasi na mafahali.

Hapa ndo nina shida na neno "kuhamahama". Kwa masikio ya wengi ni mtu asiye na kwao, leo hapa kesho pale popote pakimfaa. Hawa siyo hivyo hata kidogo. Familia inapita njia ileile waliyopita mababu, inapumzika vituo vilevile, inafika malisho yaleyale, na tangu enzi za Waingereza walikuwa wanapewa vibali vya msitu vinavyotaja sehemu ya kulisha na idadi ya mifugo, na wanalipia. Ni watu wenye kwao kuwili, na njia ya katikati nayo ni kwao.

Kibanda chao na wanaokaa humo kwa pamoja wanaita dera. Chini msituni dera ni nguzo za miti na paa la nyasi, ukuta na sakafu vinasiribwa kwa udongo na kinyesi cha nyati, kazi hiyo ni ya wanawake na wanaifanya kwa kiganja mpaka sakafu inakuwa laini. Kashmir kule juu kuna dhok, hiyo imechimbiwa nusu kwenye mteremko, magogo juu, udongo juu ya magogo, ukitazama kwa mbali unaona majani yameota kwenye paa kama ni sehemu ya mlima. Watu na mifugo wanalala chini ya paa moja. Theluji ya miezi yote ya baridi inalilemea paa na kulivunja, kwa hiyo wakifika mwanzo wa kiangazi wamechoka hoi, kitu cha kwanza ni kutengeneza paa.

Siku yenyewe inaanza kabla jua halijatoka. Kukamua, kusukasuka maziwa kutoa siagi, kuteka maji, kuni. Msimu wa baridi nyasi hakuna, basi wanaume wanapanda miti mirefu na shoka, bila kamba, wanakata matawi yenye majani na kuyaangushia nyati chini, na anayejua kazi hafyeki mti wote, anaacha matawi ya kileleni ili uchipue tena mwakani. Wapo wanaoanguka. Jammu na Kashmir wanatengeneza jibini inaitwa kalari, kipande bapa cha duara, unakiweka kwenye chuma cha moto bila mafuta yoyote, kinajikaanga kwa mafuta yake mpaka nje kinakuwa cha kahawia na ndani kinavutika kama uzi, unakula na chai ya chumvi.

Kinachoniuma ni jinsi walivyogeuzwa wavamizi wa msitu. Msitu wa Rajaji huko Uttarakhand ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983 na wao wakiwemo ndani, familia nyingi baadaye zikatolewa na kupelekwa Pathri na Gaindikhata karibu na Haridwar, wakapewa vishamba, watu ambao hawajawahi kushika jembe. Sheria ya haki za misitu ya 2006 inawatambua wafugaji wa misimu, ila kwa asiye wa kabila lililotambuliwa rasmi, kuipata hiyo haki unatakiwa uthibitishe umeishi msituni vizazi vitatu, na mtu ambaye babu yake aliishi msituni karatasi za vizazi vyote hivyo anatoa wapi? Jammu na Kashmir walau Wagujjar na Bakarwal walitambuliwa rasmi na serikali kama kabila la kupewa nafuu maalumu (Scheduled Tribe) mwaka 1991, na kuna shule za msimu ambapo mwalimu anapanda mlimani na familia.

Mwezi wa tisa baridi ya juu inaanza kukaza, nyasi zinageuka rangi na maziwa yanapungua. Hapo nyati wenyewe wanaanza kusimama asubuhi wakiangalia njia ya kushukia, na mama wa nyumba anaanza kufunga magunia.