Upasuaji Nao Hupimwa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mgonjwa akipata nafuu baada ya kupasuliwa, kisu ndicho kilichomponya.

Ukweli: Maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukubali kupasuliwa pale yanapokuwa yamemzidi, hivyo huenda yangeshuka hata bila kisu. Jaribio la Houston, Marekani, lililochapishwa mwaka 2002, lilihusisha wagonjwa 180 wenye maumivu ya goti yatokanayo na kusagika kwa gegedu (tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), ambao walikubali kwa maandishi kwamba huenda wasifanyiwe upasuaji wa kweli. Walipangwa kwa kura: wengine goti lilioshwa kwa maji, wengine gegedu lilikwanguliwa, na wengine walikatwa ngozi juu juu tu. Daktari alifungua bahasha ya kura mgonjwa akiwa tayari mezani. Kwa kundi la mwisho aliitisha vifaa vyote na maji yakamwagwa, ili mgonjwa asikie kila kinachosikika siku zote. Katika miaka 2 ya ufuatiliaji, waliooshwa na waliokwanguliwa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko waliokatwa ngozi tu.

Dhana: Uzoefu wa daktari bingwa unatosha.

Ukweli: Uzoefu hufundisha mkono, lakini hauna kundi la kulinganisha. Kwa miongo mingi wanawake wenye saratani waliondolewa titi pamoja na misuli ya kifua, hadi jaribio la Bernard Fisher, daktari wa upasuaji wa Marekani, lililoanza mwaka 1971 lilipoonyesha kwamba kuiacha misuli hiyo hakukufupisha maisha yao.

Dhana: Tafiti za namna hii ni za hospitali za nchi tajiri.

Ukweli: Hospitali 81 katika nchi 7 za kipato cha chini na cha kati, Rwanda ikiwemo, zilijaribu jambo dogo sana: kubadilisha glovu na vifaa kabla ya kushona tumbo. Kwa wagonjwa zaidi ya 13,000, maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 16.0 walikobadilisha na 18.9 walikoendelea na utaratibu wao wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kwangu huu ndio ushahidi unaotufaa zaidi, ingawa kuufuata hakumtegemei daktari peke yake: stoo lazima iwe na glovu za ziada, na muuguzi wa thieta awe na seti ya pili iliyokwisha kutakaswa kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi.