Usimbaji wa faili, au kwa nini ng’ombe hugeuka kuwa ngâ€™ombe

Orodha ya mifugo imetumwa kwa barua pepe. Ukiifungua, kila palipoandikwa ng’ombe pamekuwa ngâ€™ombe. Wengi hudhani faili imeingiwa na virusi au imeharibika njiani. Haijaharibika. Kila namba iliyokuwamo bado imo, ila programu iliyoifungua imezisoma namba hizo kwa jedwali lisilo lake. Jedwali hilo ndilo linaloitwa usimbaji, na ukilielewa vizuri mara moja utaokoa maandishi mengi, yako na ya wenzako.

Tuanze na kilichomo ndani ya faili. Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na kila namba hukaa ndani ya baiti inayobeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Neno Karibu, likiwa ndani ya faili, ni 75, 97, 114, 105, 98, 117, basi. Kwamba 75 ni K kubwa na 97 ni a ndogo ni makubaliano tu ya watu. Makubaliano yaliyoenea kuliko yote yalichapishwa Marekani mwaka 1963 kwa jina la ASCII, na herufi ndogo zikaingizwa mwaka 1967. Yana nafasi 128: herufi A hadi Z, tarakimu, alama za uandishi, na amri za mashine za kuchapa ujumbe za enzi hizo. Kiswahili cha herufi za Kilatini kinatosha humo chote, hata ng', mradi ritifaa yake iwe ile iliyonyooka, yenye namba 39. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika Kiswahili miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba suala hili lipo.

Wengine hawakubahatika hivyo. Mfaransa alihitaji é, Mrusi alfabeti yake nzima, Mwarabu vilevile. Kwa kuwa ASCII ilikomea namba 127, nafasi za 128 hadi 255 zikajazwa na kila kampuni na kila eneo kwa namna yake. Kwenye Windows, Ulaya Magharibi ilipewa jedwali la Windows-1252, Kirusi 1251, Kiarabu 1256. Baiti 225, hiyo hiyo moja, ni á katika la kwanza, б katika la pili, na ل katika la tatu. Kompyuta nyingi za Afrika Mashariki huwekwa kwa Kiingereza, hivyo zikarithi 1252. Jedwali hilo halina nafasi ya ĩ wala ũ za Gĩkũyũ na Kikamba, wala halina herufi hata moja ya Kiarabu kwa anayenakili tenzi za kale za Kiswahili jinsi zilivyoandikwa.

Jibu lilikuja kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni Unicode, iliyotoa toleo lake la kwanza mwaka 1991, na wazo lake ni kwamba kila herufi ya kila lugha iwe na namba yake moja isiyogombaniwa. Leo kuna zaidi ya herufi 140,000 zilizopewa namba. Lakini namba kubwa kama hizo haziingii ndani ya baiti moja, na hapo ndipo ilipohitajika hatua ya pili, yaani kuamua namba hizo zitaandikwaje ndani ya faili. Septemba 1992, wataalamu wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike, wakiwa kwenye mgahawa huko New Jersey, walichora jibu juu ya karatasi ya kuwekea sahani. Jibu hilo ndilo UTF-8. Namba 0 hadi 127 zinabaki baiti moja, sawasawa na ASCII, kwa hiyo faili zote za zamani za Kiingereza, na sehemu kubwa ya zile za Kiswahili, zilikuwa tayari ni UTF-8 halali kabla haijabuniwa. Herufi nyingine huchukua baiti mbili, tatu au nne: ĩ mbili, herufi za Kiarabu mbili, emoji nyingi nne. Mimi naiona kuwa kati ya kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa katika kompyuta, kwa sababu ilimpa kila mtu nafasi bila kumvunjia yeyote kazi yake ya jana. Sehemu kubwa mno ya kurasa za intaneti leo zinatumia UTF-8.

Sasa turudi kwa ng’ombe. Programu za kuandikia barua hupenda kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, kwa sababu inapendeza machoni. Iliyopinda haimo kwenye ASCII. Katika Unicode ni namba 8217, na UTF-8 huiandika kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Programu inayodhani faili ni ya Windows-1252 inasoma kila baiti peke yake: 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Hilo ndilo fumbo lote la ngâ€™ombe, na la ngâ€™ambo, na la kungâ€™aa.

Kosa hili lina mielekeo miwili, na haina uzito sawa. Ule tuliouona, UTF-8 kusomwa kama 1252, unaumiza macho lakini haupotezi kitu. Funga faili bila kuhifadhi, ifungue tena kwa UTF-8, kila kitu kinarudi mahali pake. Ukiihifadhi ikiwa katika hali hiyo, programu inaandika â, € na ™ kama herufi halali, na kosa likirudiwa unapata ngÃ¢â‚¬â„¢ombe. Ukiona msururu mrefu namna hiyo, ujue kuna mtu kabla yako aliyefungua vibaya kisha akahifadhi. Hata hapo inaokoleka, kwa kurudi hatua moja baada ya nyingine.

Mwelekeo wa pili ndio wa kuogopa. Faili ya 1252 ina ritifaa iliyopinda kama baiti moja tu, 146. Ikifunguliwa kama UTF-8, baiti hiyo haina maana ikiwa peke yake, hivyo programu inaonyesha �, alama ya kusema hapa pana kitu nisichokitambua. Ukihifadhi, baiti 146 inafutwa na mahali pake zinaandikwa baiti za ile alama yenyewe: 239, 191, 189. Kama palikuwa na ritifaa, au é, au ñ, faili haiwezi kukuambia tena. Hali ni hiyo hiyo ukichukua maandishi ya Gĩkũyũ na kuyahifadhi kwa usimbaji ambao Notepad, programu ya maandishi matupu ya Windows, huuita ANSI, yaani lile jedwali la zamani la kompyuta yako: ĩ hugeuka kuwa alama ya kuuliza au kuvuliwa kofia yake ikabaki i tupu. Notepad hutoa onyo kabla ya kufanya hivyo. Lisome, usibonyeze OK kwa mazoea.

Kwa nini basi programu isijue tu? Kwa sababu faili ya maandishi matupu haina lebo. Faili ya Word ina mahali ndani yake panapotaja usimbaji, ndiyo maana tatizo hili hulikuti huko mara kwa mara. Ukurasa wa HTML nao hujitangaza wenyewe kwa `<meta charset="utf-8">`. Lakini .txt, .csv na .srt, zile za maandishi ya chini ya filamu, ni mfululizo wa baiti na hakuna kingine. Kihariri, yaani programu unayofungulia faili hizo, ama kinakisia ama kinafuata mpangilio wake wa msingi. Baadhi huweka baiti tatu mwanzoni mwa faili, 239, 187, 191, kama alama ya UTF-8, programu isiyozielewa itakuonyesha ï»¿ kabla ya neno la kwanza.

Kwa hiyo kuna mipangilio miwili ambayo watu huichanganya: programu ipi ifungue faili, na programu hiyo itumie usimbaji upi. Kubadilisha wa kwanza bila kuangalia wa pili mara nyingi hakusaidii.

Wa kwanza ni mwepesi. Kwenye Windows, bonyeza faili ya .txt kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open with, kisha Choose another app, teua programu unayoitaka na uiambie itumike daima. Kwenye Mac, chagua faili, fungua Get Info, badilisha programu chini ya Open with, halafu bonyeza Change All. Ukisahau kitufe hicho cha mwisho utakuwa umebadilisha faili moja tu. Wanaofanya kazi kwenye Linux kupitia amri hukutana na swali hili pale `git` au `crontab -e` inapowafungulia kihariri cha Vim wasichokijua (kutoka bila kuhifadhi: bonyeza Esc, andika `:q!`, kisha Enter). Kwa Debian na Ubuntu, `sudo update-alternatives --config editor` hukupa orodha ya kuchagua, na `git config --global core.editor nano` (nano ni kihariri kingine, chepesi zaidi) hutosha kwa git peke yake. Programu nyingine nyingi hutazama kigeu cha mazingira kiitwacho EDITOR, hivyo mstari `export EDITOR=nano` ndani ya `.bashrc` unamaliza kazi.

Wa pili ndio wenye faida ya kudumu. Notepad ilianza kuhifadhi faili mpya kwa UTF-8 kwenye toleo la Windows 10 la Mei 2019, na tangu hapo huonyesha usimbaji kwenye kona ya chini kulia. Kama kompyuta ya ofisini ni ya kabla ya hapo, kila unapotumia Save As kuna kisanduku cha Encoding chini kabisa, na hicho lazima ukibadilishe kwa mkono kutoka ANSI. Kwenye Notepad++, ingia Settings, Preferences, New Document, weka UTF-8 mara moja na usahau. VS Code hutumia UTF-8 tangu mwanzo. TextEdit ya Mac ina mtego wa aina nyingine: faili mpya huwa na mapambo ya muundo wa RTF, si maandishi matupu, hadi uchague Make Plain Text.

Kuna jambo moja ambalo kila kihariri kizuri hulitenganisha, na inafaa ulitenganishe kichwani pia: kusoma upya na kubadilisha. Kusoma upya ni kuiambia programu, baiti ziache kama zilivyo, nionyeshe kwa jedwali jingine. Kubadilisha ni kuiambia, herufi ninazoziona ni sahihi, ziandike upya kwa baiti za jedwali jingine. VS Code inaviita Reopen with Encoding na Save with Encoding. Ukibonyeza jina la usimbaji chini kulia utaviona vyote viwili. Kwenye menyu ya Encoding ya Notepad++, chaguo za juu ni za kusoma upya na zile zinazoanza na Convert to ni za kubadilisha. Kanuni ni kusoma upya kwanza hadi maandishi yaonekane sawa, ndipo ubadilishe. Ukitanguliza kubadilisha, unayagandisha makosa. Na ile faili iliyokwisha kuhifadhiwa na ngâ€™ombe ndani yake? Kwenye Notepad++ ya kompyuta yenye 1252, fanya Convert to ANSI, ambayo inazirudisha zile 226, 128, 153, kisha chagua UTF-8 ya kusoma upya. Ng’ombe huyo hapo, mzima. Iliyobaki ni kuhifadhi.

Mwenye rundo la faili za zamani anaweza kutumia `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt` kwenye Linux na Mac. Toa jina jipya kila mara, usiandike juu ya faili ya asili.

Excel inastahili neno lake, maana huko ndiko orodha nyingi za wanafunzi, wagonjwa na wanachama huharibikia. Ukibonyeza mara mbili faili ya .csv yenye UTF-8 isiyo na zile baiti tatu za mwanzo, Excel ya Windows kwa kawaida huisoma kwa jedwali la zamani. Badala yake fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, na kwenye File Origin uchague 65001, ambayo ndiyo namba ya UTF-8 kwa Windows. Unapohifadhi, chagua CSV UTF-8, si ile CSV iliyoandikwa hivyo tu.

Wanaotuma SMS kwa wingi wana sababu ya kifedha ya kulijali hili. Ujumbe ukitumia alfabeti ya kawaida ya simu hubeba herufi 160. Ritifaa iliyonyooka imo ndani ya alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Ikitokea hata moja, na mtoa huduma asiibadilishe njiani, ujumbe mzima huhamia usimbaji mwingine unaobeba herufi 70 tu, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Tangazo la herufi 150 kuhusu chanjo ya ng’ombe, lililonakiliwa kutoka Word, linaondoka kama jumbe tatu badala ya mmoja, kwa kila mpokeaji. Kabla ya kutuma, libandike kwenye kihariri cha maandishi matupu, fungua kutafuta na kubadilisha, tafuta ’ uweke ', kisha kagua pia alama za kunukuu zilizopinda na deshi ndefu.