Boila "kujifunga" ni kitu gani hasa

"Boila imejifunga" siku hizi husemwa kwa kila kitu. Bomba likitoa maji ya baridi, imejifunga. Betri za thamostati ya ukutani zikiisha, imejifunga. Mtu amesahau kupanga saa za kupasha nyumba, naye anasema imejifunga. Kwa Waswahili wanaoishi Uingereza, ambako nyumba nyingi hupata joto na maji ya moto kutoka boila moja ya gesi, msemo huu umeenea mpaka haumwambii fundi chochote.

Maana yenyewe ni fupi. Boila inapotakiwa kuwaka, bodi yake ya umeme hujaribu kuwasha mara kadhaa. Isipouona moto, huifunga vali ya gesi na kukataa kujaribu tena hadi mtu abonyeze riseti, yaani kitufe cha kuianzisha upya. Huko ndiko kujifunga. Zipo sababu nyingine, kama maji kupata joto kupita kiasi, lakini hapa tunazungumzia moto.

Neno la kushika katika maelezo hayo ni "isipouona". Bodi haijui kama gesi imefika wala kama cheche imeruka. Inachojua ni kwamba moto umeonekana au haujaonekana. Na haioni kwa jicho. Ndani ya chumba cha moto kuna elektrodi, kijiti cha chuma kilichoshikwa na kauri, nacho hupelekewa umeme wa kwenda na kurudi. Moto hupitisha umeme, ila kwa kuwa uso wa bana, yaani sehemu gesi inapoungulia, ni mkubwa kuliko kijiti, umeme hupita zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Matokeo yake ni mkondo mdogo wa upande mmoja, mikroampea chache tu, na huo ndio ushahidi pekee unaokubalika. Maji yaliyogusa elektrodi hayawezi kuudanganya mfumo huu, kwa sababu yenyewe hupitisha umeme sawa pande zote mbili.

Kwa hiyo boila inaweza kuwaka vizuri kabisa na bado ikajifunga. Elektrodi ikipata utando mweupe, kauri ikipasuka, au waya wa ethi ukilegea, mkondo ule haukamiliki. Dalili yake ni ya wazi: moto unashika, unasikika ukivuma sekunde chache, kisha unakatwa, halafu yote yanaanza upya. Aliye karibu husema "haiwaki", na atakayemsikiliza atabadilisha vali ya gesi isiyo na kosa lolote. Kinyume chake kipo pia: boila za Ideal Logic zina kodi (alama ya kosa inayoandikwa kwenye kioo cha boila) L6, ambayo maana yake ni kwamba bodi imeona moto wakati ambapo haukupaswa kuwepo.

Kuna tofauti nyingine inayopotezwa kila siku, kati ya boila iliyosimama ikingoja na iliyojifunga. Presha ya maji ikishuka, boila nyingi husimama na kungoja. Ukiongeza maji hadi bar 1 au 1.5 zikiwa baridi, huendelea zenyewe. Kwenye boila za Vaillant kodi ya hiyo ni F22, na haihusu moto hata kidogo. F28 ndiyo ya kushindwa kuwaka tangu mwanzo. F29 ni moto uliokuwepo ukapotea, na majaribio ya kuurudisha yakashindikana. Kwa kushindwa kuwaka, Worcester Bosch huandika EA, Ideal Logic L2, na Baxi nyingi E133. Iliyojifunga haingoji hali irekebike. Inamngoja mtu. Ndiyo maana kwa boila nyingi kuzima umeme ukutani na kuwasha tena hakusaidii: kumbukumbu ya kujifunga hubaki hata umeme ukikatika, na imetengenezwa hivyo makusudi. Boila ambayo ingejaribu usiku kucha ingekuwa inamwaga gesi isiyoungua ndani ya chumba cha moto, ikisubiri cheche moja.

Sikio husaidia kuliko kodi. Mpangilio wa kawaida ni huu: feni inazunguka na kusafisha chumba cha moto, bodi inathibitisha kwamba hewa inapita, kisha cheche zinaanza na vali ya gesi inafunguka, halafu moto unapewa sekunde chache uonekane. Feni isipozunguka kabisa, hilo si tatizo la kuwaka. Boila haikufika huko.

Feni ikizunguka bila mlio wa tiki-tiki, tafuta upande wa cheche: waya wa elektrodi, unyevu, kauri yenye ufa inayoacha cheche irukie mwili wa chuma wa boila badala ya bana, au pengo lisilo sahihi. Pengo hilo mara nyingi huwa kati ya milimita 3 na 5, ila kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha modeli yako. Hiyo ni kazi ya fundi.

Tiki-tiki zikiwepo lakini moto haushiki, anza na gesi, na anza nje ya boila. Washa jiko la gesi kama unalo. Nalo likikataa, boila haina kosa. Kwenye mita za kulipia kabla, salio likiisha vali ya mita hufunga, na kwa mita nyingi za kisasa kuongeza pesa peke yake hakutoshi. Lazima ubonyeze kitufe kwenye mita ili gesi irudi. Angalia pia mkono wa vali ya dharura karibu na mita: ukilala sambamba na bomba uko wazi, ukikingama umefungwa. Jiko likiwaka vizuri, fundi atapima presha inayoingia kwenye boila, ambayo kwa gesi ya mtaani huwa karibu milibar 20, na kwa propani ya mitungi 37.

Wakati wa barafu kuna mshukiwa mwingine. Boila za kisasa hupoza moshi hadi unatoa maji, na tangu Aprili 2005 aina hiyo ndiyo inayotakiwa kwa kawaida kila boila mpya inapofungwa England na Wales. Maji hayo hutoka kwa bomba jembamba la plastiki. Likipita nje ya ukuta na kuganda, maji hurudi ndani, huziba njia ya moshi, na boila hujifunga ikitoa sauti ya kububujika. Mwagia bomba maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, ukianza na mwisho wake wa nje na kwenye kona. Kisha riseti. Hapa kweli kitufe hicho huleta suluhisho, na labda ndiko kilikopata sifa isiyo yake.

Na tafadhali, "pailoti imezimika" tuwaachie wenye boila za zamani, zenye kimoto kinachowaka mchana na usiku na themokapo inayoshikilia vali kwa milivolti zake chache. Boila ya kombi ya leo, inayopasha nyumba na maji ya bomba kwa pamoja, haina kimoto hicho. Hakuna cha kuwasha kwa kiberiti.

Riseti haitengenezi kitu. Inafuta uamuzi wa bodi na kuipa ruhusa ya kujaribu tena. Bonyeza mara moja, sikiliza mpangilio wote, ngoja dakika chache, jaribu mara ya pili, basi. Watengenezaji wanatujua: Ideal Logic ikibonyezwa riseti mara 5 ndani ya dakika 15, inajifunga kwa kosa hilo lenyewe, L5. Kukiwa na harufu ya gesi usibonyeze chochote. Funga vali ya mita, fungua madirisha, toka nje, na piga 0800 111 999. Kifuniko kinachoziba chumba cha moto ni cha fundi aliyesajiliwa Gas Safe, usajili wa mafundi wa gesi uliochukua nafasi ya ule wa CORGI mwaka 2009.

Ukimpigia fundi huyo, usiishie kwenye "imejifunga". Mwambie: feni ilizunguka, cheche zilisikika mara tatu, moto haukushika, jiko linawaka, kioo kimeandika F28.