Vita vya Kagera havikupiganwa na wanajeshi tu

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, vijana wa Moshi na Arusha tunaposti picha za makombati na gwaride, freshi tu, ila kuna stori imezoeleka sana kwamba vita vya Kagera walipigana wanajeshi wa kambini peke yao na raia walikuwa wanasikiliza redioni. Sio kweli.

Idi Amin, mtawala wa Uganda, alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na jeshi letu la wakati ule lilikuwa dogo kwa kazi ile, kwahiyo wakaitwa mgambo kwa maelfu, yaani wakulima, vibarua, watu wa vijijini waliokuwa wameshapigishwa kwata tangu baada ya Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wa 1971, wakaongezwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Wakatembea kwa miguu mno. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979 lakini mapigano yaliendelea mpaka mwanzoni mwa Juni, hilo nalo watu hulisahau.

Na Moshi yenyewe ilihusika jamani, Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa wakaunda UNLF, yaani muungano wa vikundi vya kumpinga Amin, serikali iliyomrithi Amin ikatokea humo.

Sasa ukitafuta veterani usimtafute mwenye medali tu. Yule babu wa shambani Kibosho au Meru anaweza kuwa alienda kama mgambo akarudi kwenye jembe lake kimyakimya, msalimie shikamoo, kaa, muulize alikuwa kikosi gani, na kama anakubali mrekodi kwenye simu.