Kithembe sio kigugumizi jamani

Juzi soko la Majengo mpwa wangu wa miaka minne kanyoosha kidole kwenye beseni, "nataka dhabibu". Muuzaji akacheka, akanambia kwa huruma kabisa, kaka huyu ana kigugumizi, mpelekeni akakatwe ulimi. Nikalipa zabibu zangu nikaondoka, ila hii kitu nimeichoka, kwenye daladala, msibani, hadi kwa walimu wa chekechea, kila mtoto asiyetamka sawa basi ana kigugumizi.

Kwa kifupi, kithembe ni ulimi kuchungulia katikati ya meno, s inatoka th na z inatoka dh. Kigugumizi ni neno kukwama au kujirudia. Mwenye kithembe anasema "dhabibu" mara moja na kaenda zake, mwenye kigugumizi ni "za-za-za-zabibu", au mdomo uko wazi, shingo imekaza, neno halitoki, na likitoka z yake safi kuliko yangu.

Alafu sikilizeni neno lenyewe. Kigugumizi ni kutoka kugugumiza, na jirani yake ni kugugumia, kule kunywa maji kwa pupa hadi koo linalia gu-gu-gu. Yani neno lenyewe lina kigugumizi, gu imejirudia palepale, waliolitunga walikuwa na masikio bana. Kithembe nacho ni kichekesho, maana wengi wetu tumekulia lugha za nyumbani zisizo na th, tunasema "kitembe", wengine "kisembe", thelathini inakuwa "selasini", kwa hiyo anayelitamka bila jasho ni mwenye kithembe mwenyewe. Na sisi hatukatwi ulimi, tunaambiwa tuna lafudhi.

Wa miaka miwili anayesema "kalanga" hana hata kimoja, ni utoto. Sauti zinakuja kwa zamu, m, p na b zinatangulia ndo maana mama na baba yanawahi, s na r zinachelewa, r kwa wengine hadi karibu na darasa la kwanza. Hata kurudiarudia maneno kati ya miaka 2 na 5 kupo sana na kwa wengi kunapita. Kukizidi kama miezi sita, au mtoto kaanza kuogopa kuongea, muone mtaalamu wa matamshi. Na kama matamshi ndo hayaeleweki, masikio yapimwe mapema, asiyeisikia s ataitamkaje?

Ule udata, kale kangozi chini ya ulimi ambako ndo watu wanakataka wakisema "akatwe ulimi", ni habari nyingine kabisa na daktari ndo wa kukaangalia. Kigugumizi hakitoki kwa wembe.

Jumamosi narudi Majengo, yule dada ana zabibu tamu. Nitamwambia taratibu, dada, ni kithembe. Akisema kitembe tutaelewana.